Ruhusa ya Mwalimu Naziha

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakumaanisha kwamba mganga ni mwongo, wala kwamba dawa zake ni majivu matupu. Walimaanisha kwamba mtu anaweza kuwa bingwa wa kutatua shida za mtaa mzima, lakini zamu ya shida yake mwenyewe ikifika, mikono humtetemeka na ulimi humkauka. Anayebisha na asikilize yaliyompata Mwalimu Naziha wa mji wa Beja, kule kaskazini mwa Tunisia kwenye mashamba ya ngano, enzi zile ambapo redio ilikuwa bado ndiye bwana wa sebule.

Naziha alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana iliyokuwa nyuma ya soko la zamani. Siku za wiki alifundisha sehemu na desimali. Jumapili alivaa sare ya skauti, skafu ya kijani shingoni na filimbi kifuani, akawaongoza wasichana kupanda vilima, kufunga mafundo, kuwasha moto kwa kuni zilizolowa na kusoma njia kwa jua. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti isiyopanda, na hata mtundu wa darasa akikutana na macho yake alijikuta ameketi bila kuambiwa. Mabinti wengi wa Beja walipita mikononi mwake. Mmoja alikuwa mkunga katika hospitali ya mkoa, mwingine aliendesha trekta la baba yake bila kujali nani anacheka, na wote wawili walikiri kwamba uti wa mgongo walipewa na Mwalimu Naziha.

Hata hivyo, sifa yake iliyovuma mjini haikutokana na moto wala mafundo. Ilitokana na vikao vyake na akina baba. Beja ya wakati ule haikuwa mahali pa mzazi kumtoa bintiye akalale msituni kirahisi, ijapokuwa msitu wenyewe ni ule wa mialoni wa Ain Draham, ambao kila mtu aliusifu kwa hewa yake nzuri. Kila mwaka kambi ilipokaribia, Naziha alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, na viongozi wa vikundi aliwachukua wafuatane naye ili wajifunze. Alikuwa na utaratibu wake. Mara ya kwanza huombi kitu: unasalimia, unakunywa chai, unasifu kinachostahili kusifiwa. Mara ya pili unakwenda na kazi ya mikono ya binti, baba aione. Mara ya tatu ndipo unaomba, na akikataa hubishani naye.

"Msimwulize kwa nini anakataa," aliwaambia wasichana wake. "Sababu za kukataa hazina mwisho. Mwulizeni anaogopa nini. Hofu huwa moja tu, na ikishatajwa hupungua ukubwa."

Kwa njia hiyo alimlainisha hata Mabruki mwenye bucha, baba wa Dalila. Mabruki alikuwa pande la mtu, na siku ya kwanza alipoletewa habari za kambi aliuliza kama bintiye ni mbuzi wa kulazwa porini. Alipotembelewa mara ya tatu, alijikuta anamnunulia Dalila tochi.

Jambo moja tu halikujulikana na wengi. Naziha mwenyewe hakuwahi kulala kambini. Alikwenda na wasichana kwa basi, akapiga mahema pamoja nao, akahakikisha sufuria zimekaa sawasawa mafigani, kisha jioni akarudi Beja kwa basi la mwisho na kumwachia usiku mwenzake, Bi Wasila. Watu walidhani anamhurumia baba yake mzee. Ukweli ni kwamba hakuwa na ruhusa, na hakuwa na ruhusa kwa sababu hakuiomba.

Baba yake, Mzee Tijani, alikuwa msimamizi wa stesheni ya reli kabla ya kustaafu, mtu wa maneno machache na saa ya mfukoni. Naziha alipokuwa na umri wa kina Dalila aliwahi kumwomba, wakiwa mezani, aende kambini na wenzake. Mzee aliweka kijiko chini. Hakusema ndiyo wala la. Aliweka kijiko, akatazama ukuta, na mama akageuza mazungumzo haraka. Katika nyumba ile kijiko kikiwekwa chini, kesi imekwisha. Naziha hakuuliza tena. Dada zake waliolewa, mama akafariki, yeye akabaki na mzee, na lile swali likabaki tumboni mwake kama kokwa ya tende iliyomezwa.

Basi mwaka huo Bi Wasila aliolewa akahamia Sfax. Habari zilipomfikia Mabruki, aliacha kisu juu ya gogo, akatoka nje ya bucha kumsimamisha Naziha aliyekuwa akipita. Aliuliza, sasa nani atalala na watoto? Naziha alikuwa na haraka ya kuwahi kengele, na nyuma ya Mabruki alikuwa amesimama Dalila, macho yamemtoka kwa matumaini. Ulimi ukamteleza.

"Mimi," alisema. "Nitalala nao mwenyewe."

Neno hilo lilizunguka mji kabla ya adhuhuri. Akina baba waliokuwa wanasitasita walitoa ridhaa, wote kwa sharti hilo hilo: Mwalimu Naziha awepo usiku. Skauti akishatoa neno amefunga fundo, na Naziha ndiye aliyewafundisha hivyo watoto wa watu. Asipokwenda, kambi imekufa, na neno lake mjini limekufa nalo. Ili aende, ilimbidi amwombe baba yake.

Kila jioni alijiapiza kwamba leo ndiyo leo. Alipika mlokhia, mchuzi mzito wa majani makavu alioupenda mzee, akaketi mbele yake, akasafisha koo.

"Baba."

"Naam."

"Chumvi imetosha?"

Mzee alisema imetosha. Jioni iliyofuata alimwuliza kama supu imepoa. Jioni ya tatu alimwuliza habari za magoti yake, na mzee akamweleza kwa kirefu. Mwanamke aliyemfunga Mabruki kamba puani, mwanamke aliyebishana na mkaguzi wa elimu akamshinda, alikaa mbele ya kibabu kimoja chenye magoti mabovu akashindwa kutamka sentensi moja. Alijichukia, tena alijichukia kweli, na kujichukia huko hakukumsaidia chochote.

Jumatatu ya wiki ya kambi alisalimu amri. Aliwakusanya wasichana baada ya masomo, akawaambia kambi imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Dalila alitazama dirishani. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, na hata wingu la kusingizia halikuwepo. Dalila, ambaye ulimi wake mkali kama kisu aliurithi kwa baba yake, alisema kwa adabu kwamba hali ya hewa anaiona, ila angependa kujua Mwalimu anaogopa nini.

Naziha alifungua kinywa amkaripie. Badala yake machozi yalimlenga, akaketi juu ya dawati kama mwanafunzi. Akawaambia yote: kijiko, basi la mwisho, chumvi. Wasichana walitazamana. Wengine waliuma midomo wasicheke, maana lilikuwa jambo la kuchekesha kwamba mtu aliyewatoa hofu baba zao anamwogopa baba yake. Rimu, mdogo kuliko wote, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, hakucheka. Aliuliza tu kama Mzee Tijani hupokea wageni alasiri.

Naziha hakulitilia maanani swali hilo. Siku ya pili yake alipotoka sokoni na kikapu cha biringanya, alisikia sauti ya Dalila ikitoka ndani ya ua wa nyumba yao. Baba yake alimpokea mlangoni, uso wake haufichui kitu.

"Nina wageni wangu," alisema. "Nimewauliza kama wamekuja kwako, wamesema wamekuja kwangu. Weka chai."

Jikoni kwao kulitazama ua kupitia dirisha dogo la wavu. Naziha aliweka birika motoni, akasimama pale akichungulia. Chini ya mlimau, wakiwa wamevaa sare kamili, walikuwa Dalila, Rimu na binti mmoja mpole aitwaye Hanini. Hapo ndipo lilipotokea la kwanza la kumpasua kichwa. Mzee aliporudi uani, Rimu, kwa woga, aliinuka akampa mkono wa kushoto.

Wenye kuzijua desturi za skauti wanafahamu kwamba maskauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Lakini kumpa mzee wa Beja mkono wa kushoto nyumbani kwake ni sawa na kumtupia ganda la tikiti maji. Naziha alishika ukingo wa dirisha. Mzee Tijani aliutazama ule mkono kwa muda.

"Wa kulia una nini, mwanangu? Umevunjika?"

"Hapana, Ami," Rimu alisema, mkono bado uko hewani. "Ila huu ndio wa upande wa moyo."

Mzee alifikiri kidogo, akautoa mkono wake wa kushoto akaupokea. Naziha alipumua. Kisha akamsikia Dalila akianza kazi, na ilikuwa ajabu kuusikia ufundi wake mwenyewe ukitoka kinywani mwa mtoto. Dalila aliusifia mlimau. Aliisifia saa ya mfukoni, akauliza ni kweli kwamba treni za Beja hazikuchelewa zamani zake. Mzee alijibu kwamba zilichelewa, lakini kwa adabu. Dalila alicheka mahali pa kucheka, na Hanini akatoa sahani ya zalabia iliyofunikwa kwa kitambaa walichokidarizi kikundini. Hapo Naziha alitikisa kichwa jikoni, kwa sababu walikuwa wamechanganya mara ya kwanza na ya pili.

Wangeachia hapo ingekuwa salama. Lakini kambi ilikuwa Alhamisi, na damu ya Dalila ilikuwa ya bucha. Alinyoosha mgongo, akasema moja kwa moja kwamba wamekuja kumwombea Mwalimu Naziha ruhusa ya kulala kambini Ain Draham.

Mzee Tijani alikuwa anakoroga sukari katika glasi yake ya maji ya limau. Aliacha kukoroga. Akakitoa kijiko, akakiweka chini juu ya sinia.

Naziha alikisikia kile kijiko kikigonga shaba, na miaka yote ikamrudia. Alikuwa tena msichana mezani, mama akiharakisha kuuliza nani anataka mkate. Aliinua mkono azime moto, atoke, aombe radhi, awatoe watoto wale nje kabla mambo hayajaharibika zaidi. Dalila alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Hanini alikuwa anahesabu majani ya mlimau.

Rimu alikuwa amesahau maneno yake yote. Kumbe alikuwa amefundishwa mengi ya kusema, na yote yalimtoka. Lililobaki kichwani mwake lilikuwa moja.

"Ami, unaogopa nini?"

Mzee Tijani alitazama ukuta, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Ila ukuta haukuwa na mama wa kugeuza mazungumzo, na mtoto yule mwenye meno yaliyoachana alikuwa anamsubiri kwa dhati, kama mtu anayetaka kweli kujua.

"Sijalala usingizi wa kushiba tangu marehemu aondoke," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nalala nikishamsikia Naziha. Anasahihisha madaftari, nasikia kurasa. Kisha anafunga komeo. Nikisikia komeo, nafumba macho. Nyumba ikiwa kimya naona kama wote wamekwisha kunitangulia." Alijipangusa goti kwa kiganja. "Mwanamume mzima. Msiende kulisema hilo sokoni."

Jikoni, Naziha aliziba mdomo kwa pembe ya kitambaa chake. Usiku mwingi alirudi kutoka msituni kwa basi lile akimlaani baba yake kimoyomoyo, akimwita jiwe, akimwita lango la jela. Na jiwe lenyewe lilikuwa limelala macho linangoja kusikia komeo. Alimwonea huruma.

Rimu alisema hata bibi yake hulala redio ikiwa wazi kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna anayemcheka. Dalila naye alipata tena ulimi wake. Alisema mwaka jana alipokwenda kambini, baba yake alizunguka uwanjani usiku kucha akimwambia mama anatafuta paka. Hawana paka.

"Mabruki?" Mzee aliuliza. "Yule mwenye mikono kama makasia?"

"Ndiye, Ami. Mwaka huu mnaweza kulala pamoja hapa. Atakuja na nyama. Ila anakoroma."

"Anakoroma vipi?"

"Kama treni ya mizigo."

Mzee Tijani alianza kutikisika mabega. Naziha alidhani analia, mpaka alipousikia ule mcheko mkavu ambao nyumba ile ilikuwa imeusahau.

"Basi nitalala," alisema. "Treni ya mizigo nimelala nayo miaka thelathini."

Naziha alitoka na sinia la chai akiwa hana tena namna ya kuuficha uso wake. Aliweka glasi mbele ya kila mtu, na alipofika kwa baba yake chai ya mnanaa ilimwagika kidogo. Mzee alimtazama.

"Kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

"Nilikuomba, Baba. Nikiwa mdogo. Uliweka kijiko chini."

"Kijiko? Kijiko gani?" Mzee alimkazia macho, na ilidhihirika kwamba hakumbuki hata chembe. "Labda supu iliniunguza. Labda nilikataa, sijui. Wakati ule ningekataa." Alichukua glasi, akapuliza chai, akasema polepole: "Lakini akina baba wengine nasikia huwaendea mara tatu, Naziha. Mabruki huyo ulimwendea mara tatu. Mimi baba yako ulinijia mara moja."

Naziha alipiga magoti pale pale juu ya zulia akaibusu mikono ya baba yake, na kilio alichokibana miaka mingi kikatoka mbele ya wanafunzi wake bila aibu. Wasichana walikuwa na busara ya kula zalabia kimya kimya. Alipotulia alijifuta uso, akaketi vizuri, akamwomba ruhusa kwa kinywa chake mwenyewe, kwa maneno kamili, ya kulala Ain Draham hadi Jumapili. Mzee akasema amempa, na kwamba chumvi ilikuwa imetosha siku zote.

Alhamisi asubuhi basi lilisimama mbele ya shule. Mabruki alifika akiwa amebeba godoro begani na mfuko wa mbavu za kondoo mkononi, akijifanya amepita tu. Nyuma yake walikuja baba wa Hanini na babu wa Rimu, kila mmoja na mto wake, mmoja ana karata mfukoni. Mzee Tijani aliwapanga njiani kama abiria, kisha akatoa saa yake akamjulisha dereva kwamba amechelewa. Dereva, ambaye hakuwa amechelewa, aliomba radhi.

Naziha alipanda wa mwisho. Baba yake alimshika mkono kupitia dirishani, na mkono alioutoa ulikuwa wa kushoto.

"Nenda, mwanangu. Na kiza cha huko kikikutisha, waambie watoto. Wanajua la kuuliza."

Alikwenda, akalala chini ya mialoni kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, na asubuhi aliamka mgongo unamwuma na moyo mweupe. Kambi hiyo haikuwa ya mwisho. Mwaka baada ya mwaka akina baba wa Beja walikutana kwa Mzee Tijani usiku wa kambi, wakacheza karata, wakachoma nyama na kusingiziana kuogopa, mpaka ikawa baba asiye na binti skauti anaona wivu. Naziha alipanda cheo akawa mkuu wa maskauti wasichana wa mkoa mzima, akawafundisha viongozi wengine namna ya kuingia nyumba za watu. Na kila alipomaliza somo aliwauliza ni mlango upi wao wenyewe wanauogopa, na ni nani kati ya wenzao atakayewasindikiza kuubisha. Wapo waliomwona mnyonge kwa kuliuliza hilo. Hao hawakumwona jikoni siku ile, bingwa wa Beja nzima, birika linachemka na kufurika, akingoja mtoto mwenye meno yaliyoachana amponye. Hakika, mganga hajigangi.